Hodi kwenye Masale

Shangazi alipata habari za maandishi yangu kutoka kwa mjukuu wake, jikoni, huku akimenya ndizi za mtori. Binti alikuwa akimsomea kutoka kwenye simu kwa furaha kabisa, akidhani anampa bibi yake zawadi. "Bibi, umeandikwa!"

Wakati huo nilikuwa na blogu ndogo. Niliandika mambo ya kwetu mlimani, juu ya Moshi: redio ya babu, safari za Hiace wakati wa masika, siku ya soko Mwika, namna mama anavyojua kwa kugonga tu kwamba ndizi zimeiva. Hakuna aliyenituma wala aliyenilipa. Siku moja niliandika kisa cha mbege ya Shangazi. Ilikuwa Desemba, msimu ambao Wachagga wa Dar es Salaam, Arusha na Mwanza hurudi nyumbani, na tulikuwa na sherehe ya ubarikio. Shangazi, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyeaminiwa kutengeneza pombe ya ukoo, alizidisha msesewa, lile gome linaloipa mbege uchungu wake. Pombe haikunyweka. Wazee walipokea kata zao, wakamshukuru, wakasubiri ageuke, kisha wakaimwaga taratibu kwenye shina la mgomba.

Niliandika hivyo tu, kwa mapenzi, nikiamini nimeonyesha heshima ya wazee wetu. Msomaji mmoja anayeishi ughaibuni aliniandikia kwamba alisoma akalia, kwa sababu alikuwa hajasikia neno msesewa tangu mama yake afariki.

Shangazi hakunigombeza. Nilipokwenda kumsalimia Jumapili iliyofuata, aliniwekea chakula, akasubiri nimalize kula, ndipo akasema: "Mwanangu, umeandika vizuri. Yote ni kweli. Ila mimi nilikuwa sijui."

Nimelifikiria jibu hilo kwa miaka. Wazee walikuwa wamemfanyia stara, naye aliishi ndani ya stara hiyo kwa miaka miwili bila kujua. Mimi niliivua mbele ya watu nisiowafahamu, naye akawa wa mwisho kuambiwa. Swali lililonibaki si kama nilisema kweli. Nilisema kweli. Swali ni hili: maisha ya kila siku, ambayo hakuna mtu anayeishi peke yake, ni ya nani hata mmoja wetu ajitwalie haki ya kuyaandika?

Jibu rahisi ni kuacha kuandika. Mambo ya ndani yabaki ndani. Lakini huku kwetu jibu hilo lina gharama yake. Mlima huu umeandikwa sana, na karibu kila aliyeuandika alikuwa akitazama juu. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona theluji ya Kilimanjaro akaiandikia taarifa, na huko London mwanajiografia William Desborough Cooley akambishia kwa miaka kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, na tangu hapo vitabu vya kupanda mlima havijakoma. Mtu akitaka kujua usiku wa kwenda Uhuru una baridi kiasi gani, atapata maelezo tele. Akitaka kujua mwanamke wa Kibosho aliwaza nini akikata majani ya ng'ombe asubuhi hiyohiyo, atahangaika.

Si kwamba walioishi hapa hawakuandika. Mwanzoni mwa karne ya 20, mwalimu wa Marangu aitwaye Nathaniel Mtui alijaza madaftari kwa historia ya umangi wa Kilimanjaro. Madaftari hayo yalikuja kuwa chanzo muhimu kwa Kathleen Stahl alipoandika historia ya Wachagga iliyochapishwa mwaka 1964. Bruno Gutmann, mmisionari Mlutheri aliyefika mwaka 1902 akaishi nasi miaka mingi, alisikiliza wazee kwa subira kubwa, kisha akaandika vitabu vinene kuhusu sheria na mafundisho yetu. Aliviandika kwa Kijerumani. Sina sababu ya kumdharau. Bila yeye mengi yangepotea. Lakini fikiria mzee aliyemweleza habari za ukoo wake. Kitabu kilipotoka, mzee yule hakuwa na njia ya kukifungua na kusema, "Hapana, hapa hukunielewa."

Mwaka 1947 Petro Itosi Marealle alichapisha *Maisha ya Mchagga hapa Duniani na Ahera*. Mchagga anaandika kuhusu Wachagga, na anaandika kwa Kiswahili. Naona jambo kubwa katika uchaguzi huo wa lugha, hata kabla ya kufika kwenye yaliyomo. Waliosimuliwa wangeweza kukisoma, au kusomewa na mtoto anayesoma shule, na wangeweza kubisha.

Baadaye zikaja blogu. Ndesanjo Macha alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuandika blogu kwa Kiswahili, na yake aliipa jina la Jikomboe. Mwaka 2005 mpiga picha Muhidin Issa Michuzi alianzisha ya kwake, na Watanzania wa nje na ndani wakawa wanafungua kila siku kuona harusi, misiba na sura za watu wanaowajua. Nyuma ya hao wenye majina walikuja wengine wadogo: mtu wa mapishi, mtu wa mashairi, mtu anayekusanya methali za kabila lake, mtu anayeandika tu jinsi siku ilivyokwenda. Kuwapata ilikuwa kama kufuata njia za migombani. Unaanza kwa mmoja, naye ametaja jirani yake, unapita huko, unajikuta umefika mbali na hujui umepitia wapi. Mwaka 2018 kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Blogu yenye matangazo huenda ingemudu. Anayeandika kuhusu migomba ya mama yake angetoa wapi? Ada zilikuja kupunguzwa, lakini wengi walikuwa wameshanyamaza, na si wote waliorudi.

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kuandika mambo madogo ni upuuzi au majivuno. Tukiyaacha, yataandikwa na wapita njia, au hayataandikwa hadi siku ya msiba, katika wasifu wa marehemu unaosomwa haraka kabla mvua haijanyesha. Na wasifu hauwezi kutaja pombe chungu.

Wapo wanaosema basi badilisha majina. Hilo linafaa mjini. Kwetu, ukisema "mama mmoja anayetengeneza mbege karibu na kanisa," umeshamtaja jina na la baba yake. Wengine wanasema andika kuhusu nafsi yako tu. Nilijaribu. Nilianza na utoto wangu, na kabla ya aya ya pili mama alikuwa ameingia, na ng'ombe wa jirani, na ugomvi wa zamu ya maji ya mfongo. Nafsi yangu peke yake haikujaza hata ukurasa.

Gazeti humweka mhariri katikati ya mwandishi na jirani yake. Anaweza kuwa mwoga au mwenye upendeleo, lakini yupo, na mwandishi akikosea wana wa kumgawia lawama. Anayeandika kwa uhuru wake mwenyewe hana mtu huyo. Kila asichoulizwa na mhariri inampasa ajiulize mwenyewe, na mimi sikujiuliza. Nilifurahia uhuru nikasahau kwamba kazi ya yule asiyekuwepo ilikuwa imebaki mikononi mwangu.

Kihamba cha Mchagga kimezungukwa na masale. Mgeni anaweza kuyaona kama ua tu, maana yanapandwa mpakani na kila mtu anajua mwisho wake uko wapi. Lakini jani hilohilo la sale ndilo linalobebwa na aliyekosa anapokwenda kuomba msamaha, na si rahisi kwa aliyekosewa kulikataa. Nilichuma moja, nikaenda kwa Shangazi nikijiona mjinga kidogo, mtu mzima na jani mkononi. Nikamwambia nitakifuta kisa chote.

Alilipokea jani. Kisha akasema: "Usifute. Ukifuta, waliokwisha kusoma watabaki na pombe chungu tu. Hukuniuliza kwa nini msesewa ulizidi."

Kweli, sikumuuliza. Katika kisa changu nilikuwa nimeandika kwamba amezeeka na mkono umesahau. Ilikuwa sentensi nzuri na msomaji wa ughaibuni aliisifu. Shangazi akanieleza kwamba mkono haukuwa umesahau kitu. Macho ndiyo yalikuwa yameanza kupungua, na alikuwa akiwaficha watoto wake ili wasimzuie kupika. Usiku ule alipima gome kwa kupapasa.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu vizuri zaidi. Nilidhani nimekosa adabu huku nikiwa sahihi katika ukweli. Kumbe vyote viwili vilikuwa kitu kimoja. Kwa sababu sikupiga hodi, nilibaki nje nikitazama kupitia ua, na kutoka nje nilichokiona kilikuwa sahihi bila kuwa chote. Tumezoea kufikiri kwamba heshima na ukweli hushindana, kwamba mwandishi jasiri huchagua ukweli na mwoga huchagua heshima. Nadhani si hivyo kila mara. Mara nyingi hodi ndiyo mlango wa kuingilia mahali ukweli ulipo. Mwandishi wa kihambani ana bahati ambayo mgeni aliyechapisha Ulaya hakuwa nayo: aliyemwandika yuko hai, ng'ambo ya masale, na anaweza kumjibu. Asipoitumia bahati hiyo, naye ni mpita njia tu mwenye lafudhi ya nyumbani.

Siku hizi kabla ya kumwandika mtu ninamsomea. Si kila mara ninamtii. Mtu aliyemdhulumu mwingine hawezi kupewa haki ya kuzuia dhuluma isisemwe, na hodi si ombi la ruhusa kwa kila jambo. Anayepiga hodi anaweza kuingia na habari mbaya. Lakini anayekwenda kusikia jibu hurudi na maandishi mengine, na hadi leo sijaona yakiwa mabaya zaidi.

Msomaji naye ana sehemu yake. Tunaposema mgeni njoo mwenyeji apone, tunamtarajia mgeni aje na kitu. Anayefungua maisha ya mtu asiyemjua, akacheka, akampelekea mwenzake kwa simu, ameingia jikoni kwa watu. Angalau akumbuke kwamba yule mama ni mtu, na huenda mjukuu anamsomea saa hizo hizo.

Watoto wa Shangazi walimpeleka KCMC, na jicho moja likapona vizuri. Silisemi hilo kama utetezi wangu, maana sikuandika ili apone. Alinipa ruhusa ya kutaja macho yake. Kuhusu wazee alisema: "Hilo la kumwaga si langu. Nenda kawaulize wenyewe."

Nilikwenda. Waliokuwepo walicheka, wakanitania kwamba hata hivyo mgomba ule ulizaa sana. Mmoja wao alikuwa ameshafariki, amezikwa kihambani kwake na masale yamepandwa kaburini. Mwanawe aliniambia, "Baba angecheka tu." Huenda. Lakini mwana si baba, na yule mzee alikuwa na ahadi yake kwa Shangazi ambayo hakupata nafasi ya kuniambia aliipimaje. Alichosema siku ile akirudisha kata tupu kilikuwa mstari bora kuliko yote niliyowahi kuandika. Nimeuondoa, na hapa pia sijauandika.