Wajukuu, Kitabu Hakibugiwi Usiku Mmoja

Wajukuu zangu, mtihani umebaki wiki moja na mmeanza tena. Taa inawaka hadi jogoo la kwanza, na daftari lililolala tangu Machi sasa linabugiwa lote kwa pumzi moja. Siwagombezi. Baba zenu walikesha hivyohivyo hapa Kagunga, na kila mmoja aliapa kwamba safari hii yatakaa kichwani. Hayakukaa. Kijana anafaulu Novemba, ikifika Februari ukimpa hesabu ya kugawanya anakutazama tu. Na sokoni kwetu, ambako shilingi inakutana na faranga ya Burundi kila siku, asiyeweza kugawanya anapunjwa kila akiuza gunia la dagaa.

Si uvivu wala laana. Ndivyo ubongo ulivyo.

Chembe za neva hazigusani. Kati ya moja na nyingine kuna upenyo, wataalamu wanauita sinapsi, na ujumbe huuvuka kwa kemikali iitwayo glutamati. Ujumbe ukija kwa nguvu, mmoja juu ya mwingine, chembe inayopokea hufungua mlango ambao siku zote umezibwa na magnesiamu, kalsiamu inaingia, na hiyo kalsiamu ndiyo inayoagiza vipokezi vingine viongezwe palepale. Baada ya hapo hata ujumbe mdogo unapokewa kwa nguvu, na ndivyo kumbukumbu inavyoanza. Terje Lømo aliliona hilo kwenye ubongo wa sungura huko Oslo mwaka 1966, na mwaka 1973 yeye na Tim Bliss wakalichapisha: msisimko wa muda mfupi uliiacha sinapsi na nguvu kwa saa nyingi.

Saa, wajukuu zangu. Ili nguvu hiyo idumu miezi na miaka, chembe lazima itengeneze protini mpya, hata kuotesha maungio mapya, na kazi hiyo haiishi kabla ya mapambazuko. Eric Kandel, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, aliwafunza konokono wa baharini: waliofunzwa mara moja walikumbuka dakika chache, waliofunzwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa walikumbuka kwa wiki. Mama zenu wanalijua jambo hili ufukweni, maana dagaa wakirundikwa hukauka juu wakaoza chini, lakini wakitandazwa na kugeuzwa jua hadi jua wanafika Dar es Salaam wazima.

Tazameni na majirani zetu wa Gombe, hapo kusini mkishuka na boti kwenda Kigoma. Mwaka 1960 Jane Goodall alimwona sokwe aliyempa jina la David Greybeard akivua mchwa kwenye kichuguu kwa kijiti. Miaka mingi baadaye Elizabeth Lonsdorf aliwafuatilia watoto wa sokwe wakijifunza uvuvi huo. Wa kike, waliokaa kumtazama mama, waliuweza zaidi ya miaka miwili kabla ya kaka zao, waliopenda kucheza. Hao kaka nao waliuweza mwishowe, kwa hiyo aliyechelewa asikate tamaa. Ila hakuna aliyeuweza kwa siku moja. Mtoto hutazama, hujaribu, hutoka mtupu, kesho anarudi.

Mnaniambia hamna nafasi, kuna maji ya kuchota, kuna dagaa wa kuanua. Kweli, na sitaki mwache kazi za nyumbani. Lakini usingizi msiuibe, kwa sababu mkilala ndipo ubongo unapoyaimarisha ya mchana. Anayekesha anajinyima mara mbili: anasoma kwa kichwa kilichochoka, kisha anakiondolea saa za kuyashika.

Kwa mtihani huu someni mnachoweza, kisha mlale. Ukiisha, msilifungie daftari sandukuni: fungueni ukurasa mmoja, ufunikeni, jiulizeni ulisema nini, na keshokutwa mjiulize tena. Nileteeni hapa barazani, nitawashikia kitabu.