Masomo, Umaskini na Deni kwa Wale Waliobeba

Birere katika lugha za huku kwetu ni majani makavu ya mgomba. Leo nyumba zetu ni za mbao na mabati, zimesimama juu ya mawe ya volkano. Ukipita asubuhi utaona watoto wa bluu na nyeupe wanaenda masomo. Njia hiyo hiyo utakutana na wasichana wa umri wao, beseni kichwani, wanaelekea Petite Barrière. Mara nyingi hao wawili wametoka nyumba moja. Mmoja anasoma, mwingine anabeba ili wa kwanza asome.

Kila mzazi wa hapa amesema siku moja: «Mwanangu, soma utuokoe.» Sisi tunauliza: je, kweli masomo yanaokoa? Na kama yanaokoa, ni nani yanamwokoa?

Imani hiyo ya wazazi wetu haikutoka hewani. Wakati wa Wabelgiji, shule za misheni zilifundisha wengi kusoma na kuandika, lakini mlango wa juu ulifungwa. Chuo Kikuu cha Lovanium kilianza 1954 tu, na Thomas Kanza alipata diploma yake ya chuo kikuu kule Ubelgiji mwaka 1956, wa kwanza kati ya Wakongomani wasio mapadri. Uhuru ulipofika 1960, wenye diploma za namna hiyo hawakufika hata 30 katika nchi nzima. Basi waliokuwa na karatasi kidogo walikalia viti vya wazungu kwa siku chache. Aliyekuwa karani alipata ofisi, gari na nyumba. Watu waliona kwa macho yao kwamba kalamu inashinda jembe, na wakafundisha watoto wao hivyo.

Kisha mambo yakageuka. Mishahara ya walimu ilikufa pamoja na Leta ya Zaire, na tangu mwanzo wa miaka ya 1990 wazazi wakaanza kulipa primu ili mwalimu asiache darasa. Hapo masomo, yaliyotakiwa kupunguza tofauti kati ya tajiri na maskini, yakaanza kuipima. Mwenye makuta aliingia, asiye nayo alifukuzwa mbele ya wenzake. Katiba ya 2006, artikle ya 43, iliandika kwamba shule ya msingi ya Serikali ni ya lazima na ni ya bure. Tulingoja mpaka Septemba 2019 ndipo jambo hilo lilianza kutendwa. Madarasa yakajaa mpaka watoto wakakaa chini. Kujaa kule kulituonyesha ni wangapi waliokuwa wamebaki nyumbani juu ya franga tu. Na kwa sekondari, wazazi waliendelea kulipa.

Wengine watatuambia: «Diploma hailiwe.» Wanatuonyesha kijana mwenye lisanse anayeendesha moto, au msukuma chukudu ambaye hakumaliza la tatu na amejenga. Hatuwezi kuwakatalia, maana tunawajua wote wawili. Karatasi ilikuwa na nguvu wakati ilikuwa adimu. Leo wenye karatasi ni wengi, na kazi ni chache, na vita vinafunga hata zile chache.

Lakini karatasi si masomo yenyewe. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, ikaunguza upande mkubwa wa Birere yetu, ikaingia ziwani. Watu zaidi ya 100,000 walikosa makao. Zile diploma zilizowekwa ndani ya valizi ziliungua kama majani ya mgomba. Ile hesabu iliyo kichwani haikuungua. Tazama mama wa soko hapa: anahesabu kwa franga za Kongo, za Rwanda na kwa dola, zote kwa saa moja. Yule anayejua kusoma mizani na karatasi ya forodha haibiwi kwa urahisi. Hakuwa tajiri, ni kweli. Lakini ameondokewa na umaskini wa namna moja, ule wa kudanganywa kila siku.

Sasa turudi kwa yule msichana wa beseni. Mila yetu inajua likelemba: kila mmoja anatoa, mmoja anapokea, kisha zamu inapita kwa mwingine. Tunaona kwamba kusomesha mtoto mmoja kwa jasho la wote ni likelemba. Anayepokea na kuhama bila kugeuka nyuma, amekula zamu za wenzake. Tena tofauti imezaliwa ndani ya nyumba yenyewe: kaka ni bwana mkubwa, dada bado anabeba. Masomo njo yamewatenga.

Walakini likelemba hii iko na shida mbili. Ya kwanza: zamu ya dada haiwezi kurudi. Utoto wake umekwisha, na kitenge cha Noeli hakiwezi kuulipa. Kaka anaweza kulipa kwa watoto wa dada tu, wasichana wakiwa wa kwanza. Ya pili: ukoo nao unaweza kukosa kiasi. Tunampakia msomi mmoja ndugu ishirini, harusi na matanga, kwa mshahara usiofika mwisho wa mwezi. Kisha tunashangaa akiomba rushwa ofisini. Rushwa ile inatoka mfukoni mwa maskini mwingine, labda mama wa beseni mwenyewe. Hapo deni la nyumba yetu linalipwa na nyumba ya jirani, na hilo si mila, ni wizi.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Masomo yanaweza kumtoa mtu mmoja katika umaskini, yakikutana na kazi na amani. Mila ya kugawana inaweza kuitoa nyumba yake. Tofauti kati ya nyumba na nyumba haitapungua kwa njia hizo mbili peke yake, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Inadai Leta inayolipa mwalimu wa mtoto wa kila avenyi, bila kuuliza mama yake aliuza nini.

Wakati tunaidai, kuna jambo liko mikononi mwetu. Jioni hii, kila aliyesoma na ajiulize ni nani alibeba ili yeye akae darasani. Kisha atafute mtoto wa huyo, aulize kama ameingia shule.