Pishi Mbili za Maneno

Je, mtu aweza kusema uongo, hali kila neno alilolitamka ni kweli? Swali hili latupasa sisi sote tunaofundisha wengine. Maana mabishano ni mengi, na mara nyingi hayaamuliwi kwa hoja, bali kwa neno moja ambalo watu wawili wamelishika kwa maana mbalimbali.

Tulitazame kwanza neno nadharia. Katika mazungumzo ya kila siku mtu husema, "Hiyo ni nadharia tu," naye akusudia wazo lisilojaribiwa bado. Lakini wataalamu wa sayansi hulitumia kwa maana nyingine. Kwao wazo lisilojaribiwa ni makisio. Nadharia ni maelezo yanayounganisha mambo mengi yaliyoonekana, nayo hupimwa tena na tena ili ijulikane kama yasimama. Asili ya neno yatusaidia hapa. Kwa Kiarabu shina lake ni kutazama. Na neno la Kiyunani ambalo mataifa ya Ulaya walilipokea, theoria, nalo lilikuwa la kutazama. Basi nadharia ni kuyatazama mambo kwa pamoja hata yaeleweke.

Homa ya malaria yatupa mfano. Jina lake ni la Kiitalia, maana yake "hewa mbaya", kwani watu wa zamani walidhani homa hii yatoka katika mvuke wa vinamasi. Hawakuwa wapumbavu, ni kweli homa huzidi penye maji yaliyosimama. Mwaka 1880 Laveran, daktari Mfaransa aliyekuwa Algeria, aliona vijidudu katika damu ya mgonjwa. Mwaka 1894 Patrick Manson alimweleza Ronald Ross wazo lake kwamba mbu wana sehemu katika jambo hili. Siku zile hayo yalikuwa makisio tu. Ross akawapasua mbu wengi huko India, na mwezi wa Agosti 1897 akaviona vijidudu ndani ya mbu aliyekuwa amemnyonya mgonjwa damu. Mwaka uliofuata akaifuata njia yote ya vijidudu vya ndege, nao wataalamu wa Italia wakaonyesha kwamba mbu wa jamii ya anofelesi ndiye awaambukizaye wanadamu. Nadharia ya hewa ikaanguka, nadharia ya mbu ikasimama.

Sasa mtu akimwambia mama mwenye mtoto mchanga, "Habari ya mbu ni nadharia tu," neno alilolitamka ni la kweli. Lakini mama amesikia kwamba ni makisio, naye atakiacha chandalua kimekunjwa. Atakayelipa deni la neno hilo ni mtoto.

Kosa hili haliko upande mmoja. Wako wasemao kwamba imani ni kusadiki jambo pasipo sababu yo yote. Wakiisha kusema hivyo, humcheka kila aaminiye. Lakini neno imani ni ndugu wa amana na uaminifu. Amana huwekwa kwa mtu aliyejulikana kuwa mwaminifu. Hata kwa Kiebrania, neno emuna lina shina moja na Amina, nalo lahusu kuwa imara, mahali pa kuegemea. Ni halali kumwuliza mtu kama tumaini lake limewekwa mahali pema. Si halali kumbandika maana asiyoikusudia, kisha kuivunja hiyo na kujisifu kwamba umeshinda.

Labda mtu atauliza: "Maneno ni ya nani, hata tuzuiliwe kuyatumia tupendavyo?" Ni yetu sote, na neno moja laweza kuwa na maana mbili za haki. Asiyejua hana hatia ya hila. Anahitaji kuelezwa kwa upole. Lakini Torati ilikataza mtu kuwa na vipimo viwili nyumbani mwake, kikubwa na kidogo. Pishi kubwa peke yake si uongo, wala pishi ndogo peke yake si uongo. Uongo u katika kuzibadili wakati mnunuzi hatazami. Vivyo hivyo ajuaye maana mbili, akaibadili moja kwa nyingine katikati ya mashindano, amesema uongo kwa maneno ya kweli.

Basi, ninyi mnaofundisha, shikeni mambo matatu. Kwanza, kabla ya kujibu ulizeni, "Neno hili walitumia kwa maana gani?" Kuuliza si ujinga. Pili, lirudieni wazo la mwenzenu kwa maneno yenu, hata yeye mwenyewe akubali na kusema, "Ndivyo." Tatu, mkiona kwamba ugomvi ulikuwa wa neno tu, uacheni pasipo haya. Ukibaki ugomvi wa kweli, mtaujadili mkiwa na pishi moja, na hata atakayeshindwa atakuwa amepata haki yake.