Ukingo wa Dari



Neno tunalolileta kwenu mwezi huu limo katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, mstari wa 8. Si neno lihubiriwalo mara nyingi. Wengi wetu tumelipita kwa haraka, tukitafuta maneno yaliyo makubwa zaidi. Hapo Musa, baada ya kusema habari za ng'ombe aliyepotea na habari za kiota cha ndege, amwagiza mtu ajengaye nyumba mpya kuzungusha ukingo juu ya dari yake, asije mtu akaanguka kutoka huko, na nyumba ile ikahesabiwa hatia ya damu.

Nyumba za Waisraeli zilikuwa na dari tambarare. Rahabu alitandika mabua ya kitani juu ya dari, na Petro alipanda darini kusali. Basi dari ilikuwa mahali pa watu, tena mahali pa kazi. Sasa tazameni, mzigo umewekwa juu ya nani? Torati haianzi kwa kumwonya yeye apitaye darini, ya kuwa aangalie miguu yake. Yasema na mwenye nyumba. Tena yasema naye mapema, wakati matofali yangali mikononi, kabla mtu yeyote hajaanguka.

Twalileta neno hili kwa sababu ya kaburi moja, nasi hatuna budi kulisimulia, ijapokuwa latuaibisha.

Miaka michache iliyopita usharika wetu ulikuwa ukijenga mnara wa kengele. Mafundi walipanda juu ya mirunda iliyofungwa kwa kamba za katani, na kamba zile zilikwisha kunyeshewa na mvua za masika mbili. Fundi mkuu alikuja mbele ya baraza la wazee, akasema kwamba kamba zimechoka, na mbao za kukanyagia ni chache. Tulimsikiliza kwa heshima. Tukaandika katika kitabu cha mkutano ya kuwa shauri lake litaangaliwa baada ya mavuno. Kengele ilikwisha kununuliwa, na siku ya kuizindua ilikwisha kutangazwa. Kijana mmoja wa kibarua, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, alianza kazi Jumatatu. Hakuna mtu aliyemwonyesha mahali pa kukanyaga wala pa kushika. Siku ya Alhamisi, akiwa amebeba karai la zege, kamba ilikatika.

Mazikoni tulihubiri sisi. Tulisema ya kuwa siku yake ilikuwa imefika, na watu wakaitikia. Matanga yalipokwisha, mama yake alikuja nyumbani kwetu, akaketi, akakataa chai. Akasema, "Baba Mchungaji, siku ya mwanangu aliijua Mungu. Siku ya zile kamba aliijua nani?" Hatukuwa na jibu la kumpa, wala leo hatunalo lingine, ila lile lililoandikwa katika kitabu cha mkutano kwa mkono wa katibu wetu.

Ndugu, watu wetu wana msemo usemao kwamba ajali haina kinga. Msemo huu huwafariji waliofiwa, nasi hatutaki kuwanyang'anya wenye huzuni faraja yao. Walakini tumeona jinsi unavyotumiwa. Asemaye hivi mara nyingi si mjane, bali ni yule ambaye angalitoa fedha za kununua kamba. Na sisi wahubiri tumemsaidia, maana tumechukua maneno ambayo Ayubu aliyasema juu ya msiba wake mwenyewe, tukayasema juu ya msiba tulioufanya sisi. Ayubu hakuwa mwenye kujenga ile nyumba kwa mbao mbovu, akasingizia upepo.

Wako na wengine waendao upande wa pili, wakinong'ona ya kuwa aliyeanguka alikuwa na dhambi fulani. Hao wasome Injili ya Luka, mlango wa 13. Mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18, na Bwana wetu alikana waziwazi ya kuwa walikuwa wakosaji kuliko wengine waliokaa Yerusalemu. Akawaita wasikiaji wake watubu. Basi msiba wa jirani yetu haukupewa sisi tumpime yeye, bali tujipime sisi.

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther aieleza Amri ya Tano hivi, ya kuwa haitoshi mtu kutomdhuru jirani yake katika mwili wake. Yampasa pia kumsaidia katika kila hatari ya mwili. Na katika Katekisimo Kubwa aongeza ya kuwa yeye awezaye kumwokoa mtu, naye asimwokoe, amemwua. Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, Luther hakukimbia, alikaa na wagonjwa. Lakini katika barua aliyoiandika kwa ajili ya mambo hayo aliwakemea watu waliodharau dawa na kujitia katika hatari bila sababu, wakidhani ni imani. Aliita jambo hilo kumjaribu Mungu. Twawaomba walimu wa dini walikumbuke hili, wamsikiapo msimamizi wa kazi akisema kwamba yeye amtumaini Mungu na kwa hiyo hahitaji mafundisho ya usalama.

Maana serikali nayo imeagiza. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, na uko wakala wa serikali wa kuisimamia, ulioundwa mwaka 2001. Shirika la Kazi Duniani, ambalo lilianzishwa mwaka 1919, mwezi wa Juni 2022 liliweka kazi iliyo salama na yenye afya miongoni mwa haki za msingi za wafanya kazi wote. Tulipokuwa tukijenga mnara, hatukuwa tumeisoma sheria hiyo. Tulidhani ni habari za viwanda na migodi, kana kwamba mtu aangukaye kutoka mnara wa kanisa huanguka polepole.

Sasa tuseme habari za mafundisho yenyewe, maana hapo ndipo wengi hukosea.

Bwana mkubwa wa kazi akisikia neno la usalama, la kwanza alifikirilo ni kofia ngumu. Hununua kofia kumi, huwavika watu, hupiga picha, na moyo wake hutulia. Lakini wenye maarifa ya mambo haya hufundisha kwa utaratibu mwingine, na utaratibu huo wafanana sana na Torati. Kwanza uliza, hatari hii yaweza kuondolewa kabisa? Kazi ya juu yaweza kufanywa chini, kisha kitu kikainuliwa? Kama haiwezekani, tafuta kitu kingine kisicho na madhara badala ya hicho. Kisha weka ukingo, yaani ukuta, kifuniko cha mashine, mbao imara. Baada ya hayo ndipo yafuatapo maagizo na zamu na maonyo. Kofia na mabuti ni ya mwisho. Yana faida, tusiyadharau. Ila kofia haiondoi hatari mahali pake, humngojea mtu aumie kidogo badala ya sana. Musa hakuagiza wageni wa darini wafungwe mito viunoni.

Kwa hiyo mafundisho yawahusu wasimamizi kabla ya kuwahusu vibarua. Kibarua hawezi kununua mbao. Hawezi kusimamisha kazi kwa siku mbili ili kamba zibadilishwe. Tena Kutoka, mlango wa 21, hufundisha jambo zito: ng'ombe akimwua mtu mara ya kwanza, mwenye ng'ombe hahesabiwi damu; lakini kama ng'ombe huyo alijulikana kuwa na desturi ya kupiga pembe, na mwenyewe ameonywa, naye hakumfunga, hatia ni yake. Yule fundi mkuu alikuwa ametuonya. Hapo ndipo tofauti ilipo. Basi kila mahali pa kazi pawe na daftari ya kuandika, si ajali peke yake, bali na ile ambayo nusura itokee: jiwe lililodondoka pasipo kumpiga mtu, ngazi iliyoteleza na mtu akashika. Na asemaye habari hizo asitukanwe wala asikatwe mshahara, la sivyo kesho atanyamaza.

Mgeni wa kazi afundishwe siku ya kwanza, kabla hajashika chombo. Imeonekana katika nchi nyingi ya kuwa watu walio katika siku zao za kwanza kazini huumia kuliko waliozoea. Tena afundishwe kwa lugha anayoifahamu, kwa kuonyeshwa, kisha aonyeshe yeye mwenyewe. Kutia sahihi katika karatasi si kujua. Sisi walimu wa Kipaimara twalifahamu vema jambo hili.

Yako mambo mawili ambayo twataka kuyasema kwa kirefu zaidi, kwa sababu yanaua watu wetu na hayasemwi sana.

La kwanza ni vumbi. Shirika la Kazi lakadiria ya kuwa karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka duniani kwa sababu za kazi, na walio wengi sana kati yao hawafi kwa kuanguka wala kwa kupondwa, bali kwa maradhi. Mtu atobaye mawe, au avunjaye kokoto, au akataye matofali ya mawe kwa mashine, huvuta vumbi jembamba kuliko aonavyo kwa macho. Huingia ndani ya mapafu na kuyatia makovu, na makovu hayo hayaponi. Tena mtu huyo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi hilo. Maji husaidia: jiwe likitobwa au kukatwa hali limelowa, vumbi hupungua sana. Mwaka 1700 mganga mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya maradhi ya wafanya kazi, akawashauri waganga wamwulize mgonjwa kazi yake ni nini. Enyi wainjilisti mwendao kuwazuru wagonjwa, ulizeni na ninyi. Yule akohoaye tangu mwaka jana, je, alipata kuchimba? Kama alichimba, mwambieni aende hospitali, na aieleze kazi yake kwa mganga.

La pili ni hewa ya shimoni. Mwezi wa Juni 2002 huko Mererani, katika Simanjiro, ambako watu huchimba tanzanaiti, wachimbaji zaidi ya 30 walikufa chini ya ardhi kwa kukosa hewa. Lakini si migodi tu. Shimo la choo, karo la maji taka, kisima kilichoshushiwa mashine ya kuvuta maji, ghala la nafaka lililofungwa, vyote vyaweza kuwa na hewa iuayo. Hewa nyingine haina harufu. Nyingine hunuka kama mayai yaliyooza, kisha pua huchoka, mtu akadhani imekwisha, kumbe imezidi. Hushuka mmoja, akaanguka. Nduguye akimwona hushuka kumwokoa, akaanguka juu yake. Wa tatu naye vivyo hivyo. Mara nyingi waokoaji hufa wengi kuliko yule wa kwanza.

Hapa twahitaji kusema kwa uangalifu, maana Bwana wetu aliusifu upendo wa mtu autoaye uhai wake kwa ajili ya rafiki zake, nasi hatuwadharau wafu wale. Lakini wangalifundishwa mapema, wangaliweza kumpenda ndugu yao kwa namna iliyomfaa. Mtu asishuke kabla shimo halijapulizwa hewa safi na kupimwa kwa chombo chake. Ashukaye afungwe kamba kifuani, na mwenzake abaki juu ameishika, asiondoke hata kwa kwenda kunywa maji. Akianguka, avutwe kwa kamba. Kama kamba haipo, aliye juu apige kelele aite msaada, wala asishuke. Ni neno gumu. Mtu hawezi kulitii siku ile kama hakulisikia na kulijaribu kabla ya siku ile.

Na ninyi mlio vibarua, hatukuwasahau. Kifuniko kikiondolewa mashine ili kazi iende upesi, hata kama msimamizi haoni, vidole ni vyenu. Kuna kiburi cha ujana kimchekacho mtu ajifungaye kamba. Tumekisikia hata kwa Wakristo waliobatizwa, tena kwa watu wazima wenye watoto.

Usharika wetu utapaua nyumba ya watoto mwezi ujao. Baraza la wazee limekubali ya kuwa mabati yangoje. Kamba mpya na mbao zimenunuliwa kwanza, na fundi mkuu, yule yule, amepewa ruhusa ya kusimamisha kazi bila kuja kutuomba. Jumamosi, saa mbili asubuhi, atawafundisha vibarua, na wazee wote wa kanisa wataketi pamoja nao na kupanda pamoja nao, isipokuwa wawili ambao magoti yao hayawezi. Mama yule tulimpelekea habari. Hajatuambia kama atakuja.