Pete ya Yuda na Simu ya Mkononi

Katika Mwanzo 38, Tamari alijifunika uso, naye Yuda akaacha rehani: pete ya muhuri, kamba na fimbo. Miezi mitatu baadaye, aliposikia kwamba mkwewe ana mimba ya uzinzi, Yuda aliamuru achomwe moto. Vitu vile vitatu ndivyo vilivyomwokoa Tamari.

Simu imepindua habari hiyo. Zamani hapa Bariadi, pamba ilipouzwa na fedha kupatikana, biashara ya mwili ilifanyika kwenye vilabu vya pombe na nyumba za wageni. Sasa hupangwa kwenye makundi ya WhatsApp. Wapo wanaosema ni afadhali: mwanamke hasimami gizani, anaweza kumkataa mtu kabla ya kukutana naye, na malipo huingia kwenye simu mapema. Kuna ukweli humo. Lakini mwenye kundi hukata fungu lake, na mwanamke hulazimika kutuma picha. Uso wake hubaki kwenye simu za watu asiowajua, huku mwanamume akijificha nyuma ya namba yenye picha ya ua. Akitishiwa kwamba picha zitasambazwa asipotoa fedha, aende wapi? Polisi anaogopa, maana ataanza kwa kujishtaki mwenyewe.

Jambo hili limetufikia. Mzee wa kanisa alinionyesha picha ya binti wa usharika, akitaka azuiwe Meza ya Bwana. Nikamwuliza, "Mzee, picha hii imekufikiaje?" Akanyamaza. Ilikuwa imepita kwenye simu nyingi za waumini wetu, na hakuna mwenye simu aliyetajwa kikaoni. Nilipomtembelea binti, hakuomba fedha. Aliomba picha zifutwe.

Sibadilishi jina la dhambi. Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, hauuzwi. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hausambazwi. Anayeipeleka picha mbele ameufanya mwili wa mwenzake bidhaa, tena bila kulipa hata senti. Na nidhamu inayomkamata aliyeonekana tu, ikamwacha aliyejificha, si nidhamu ya Kristo.

Yuda alipoonyeshwa pete yake alikiri kwamba Tamari alikuwa na haki kumzidi yeye. Mathayo anawataja wote wawili katika ukoo wa Yesu. Wapendwa, kabla ya kumwita binti huyu mbele ya wazee, kila mmoja wetu afungue simu yake aitafute pete yake. Tufute, tutubu, kisha ndipo tumwendee.