Ua Ndani ya Ua

Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili: ua linalochanua, na ua unaozunguka nyumba. Mvua za masika zikishanyesha, viwili hivi hukutana. Kando ya bomba na chini ya kamba ya nguo huchanua maua ambayo hakuna aliyeyapanda, na siku hizi wengi wetu huinama na simu kuyapiga picha kwa karibu. Je, huko ni kupoteza muda wakati jirani ana njaa, au ni namna ya ibada?

Katika Mathayo sura ya 6, Bwana Yesu anawaagiza wasikilizaji wake wayatazame maua ya kondeni. Kitenzi cha Kiyunani kilichotumika hapo, katamathete, kina maana ya kukichunguza kitu mpaka ujifunze kwacho. Tena hakuwa akisema na watu wasio na shida. Alisema na watu waliosumbukia chakula na mavazi. Kwa hiyo kulitazama ua si anasa ya wenye nafasi. Ni somo walilopewa wenye hofu.

Chukua kishonanguo, gugu ambalo mbegu zake hunasa kwenye nguo. Kwa mbali utaona kitone cha njano tu. Ukikisogelea utakuta kwamba kile tulichokiita ua moja ni kusanyiko la maua madogo mengi. Asiyeinama hawezi kujua hilo.

Lakini picha ya karibu ina gharama. Kamera ikisogea sana, sehemu ndogo tu huonekana wazi. Yaliyo nyuma yote huwa ukungu. Ukungu huo ndio unaopendezesha picha, na ndimo ilimo hatari. Huenda nyuma ya ua lile yupo binti wa kazi aliyefagia uwanja tangu alfajiri, na mshahara wake wa mwezi uliopita haujalipwa. Mtu aweza kuituma picha hiyo kwenye kundi la kwaya, akajibiwa "Amina" nyingi, na binti yule akabaki ukungu.

Yesu hakuishia kwenye ua. Alipanda kutoka majani yanayotupwa motoni hadi kwa mwanadamu, ambaye Mungu humjali zaidi. Anayelistaajabia ua asimwone mtu amesoma nusu ya somo.

Lipo gugu jingine litambaalo, lenye maua ya buluu, ambalo wataalamu huliita Commelina benghalensis. Maua yake ya juu hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyohiyo. Lakini lina maua mengine chini ya udongo, yasiyofunguka kamwe, nayo huzaa mbegu. Hayo hakuna simu itakayoyafikia, ila Muumba huyatunza bila mtazamaji. Basi picha yetu haiongezi thamani ya ua lolote. Kama kuna kitakachobadilika, ni sisi tunaotazama.

Kwa hiyo, ndugu msharika, inama upige picha, na umshukuru Mungu. Kisha, kabla ya kuituma, inua macho uangalie ni nani aliyekuwa ukungu nyuma yake. Kama ana haki yake mikononi mwako, mpe leo.