Breki za Atakayefuata

Ukiwa Omani, hupandi Jebel Akhdar na gari dogo. Pale Birkat al-Mawz kuna kizuizi cha polisi; gari lisiloendeshwa na magurudumu yote manne linarudishwa. Basi Muscat nikakodi linalofaa, ghali kuliko nilivyopanga, kwa kuwa Mama alitaka kuyaona mawaridi ya huko juu.

Kupanda kulikuwa rahisi. Kushuka ndiko kulikoniumbua. Mteremko ule unataka gia ndogo, injini ilizuie gari. Mimi nikakanyaga breki njia nzima, hadi harufu ya kuungua ikaingia ndani.

“Lingekuwa lako ungeliendesha hivi?” Mama akauliza.

Nikacheka. Langu, kuukuu lile, nalishusha kutoka Lushoto kwa gia ya pili kama limebeba mayai.

Kwenye kurudisha, mzee wa ofisini, mzaliwa wa Unguja, alilizunguka akitafuta mikwaruzo, akatazama mafuta.

“Kuna lolote, mwanangu?”

“Hamna, mzee.”

Dhamana yangu ilikuwa bado imeshikiliwa kwenye kadi. Mkataba ulitaja mikwaruzo, vioo, matairi. Haukumtaja atakayelikodi kesho na kupanda nalo mlima uleule. Ningependa kujitetea kwamba sikuulizwa kuhusu breki. Lakini “lolote” ni neno pana, na nilijua lilivyo pana wakati najibu.

Nilimpigia simu kutoka Dar siku ya nne, dhamana iliporudi. Gari lilikuwa limeshakodishwa mara mbili.